Binti wa jirani hatoki getini: nianzie wapi?

Swali: "Naishi Tabata, nyumba ya kupanga. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna binti aliyeletwa kutoka Singida mwezi wa kumi mwaka jana. Mwenyewe anasema ana miaka kumi na tano, mimi kwa macho simpi zaidi ya kumi na tatu. Anaamka saa tisa usiku kukaanga maandazi ya biashara ya mama mwenye nyumba, mchana anafua na kulea pacha wawili. Hatoki ila kwenda gengeni, tena akisindikizwa na mtoto mkubwa wa nyumba. Mikono yake ina makovu ya mafuta. Mama anasema ni mtoto wa dada yake, lakini binti aliniambia kwa kunong'ona kwamba hawana udugu, aliletwa na 'anti' mmoja aliyempokea stendi ya Mbezi, na kwamba mshahara wake 'bado unakata nauli'. Naogopa kumharibia, na naogopa ugomvi wa mtaa. Je, huu ni usafirishaji haramu au ni manyanyaso ya kawaida ya dada wa kazi? Nianzie wapi, na akitolewa atakwenda wapi?"

Jibu: Dada yangu, uliyoyaeleza yanatosha kuripotiwa kama usafirishaji haramu wa binadamu, na uyaripoti hivyo hivyo, usiyapunguze makali. Wengi wetu mjini tukisikia maneno hayo tunawaza mpaka, lori lililofungwa au ndege ya Uarabuni. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haidai mpaka wowote uvukwe. Kutoka Singida hadi Tabata kunatosha.

Mpelelezi hutafuta mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia iliyotumika: udanganyifu, vitisho, nguvu, au kutumia vibaya unyonge wake. La tatu ni lengo: kazi ya kulazimishwa, utumwa wa deni, biashara ya ngono na mengine ya namna hiyo. Kwa mtu mzima utaulizwa yote matatu. Kwa aliye chini ya miaka 18, hilo la pili halina uzito tena. Haijalishi kama mtoto alikubali, au kama mama yake alimfungia begi mwenyewe na kumpandisha basi. Ridhaa ya mtoto, mzazi au mlezi si utetezi mahakamani. Na hiyo hoja ya "mtoto wa dada yangu", ambayo kila mwajiri wa aina hii anayo mdomoni, haimsafishi mtu. Sheria inahesabu usafirishaji wa mtoto kuwa kosa zito zaidi, na mkosaji akiwa mzazi, ndugu au mlezi, hilo nalo linaliongezea kosa uzito.

Hapa pana mpaka wa kuuangalia kwa haki. Si kila dada wa kazi mwenye miaka 16 anayelipwa kidogo amesafirishwa. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na kwa kazi nyepesi tu. Binti wa miaka 16 anayelipwa, anayempigia mama yake simu atakapo na anayeweza kuondoka akichoka, hata kama mshahara ni wa kuonea, shauri lake ni la afisa kazi. Huyu wako ana mambo manne yanayomtoa huko: yupo aliyemchukua na kumkabidhi kwa mwingine, hatoki peke yake, udugu ni wa uongo, na kuna deni lisiloisha.

Hilo deni tulipigie hesabu, maana ndilo kamba yenyewe. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na viwango vimeendelea kupandishwa. Nauli ya basi kutoka Singida haifiki hapo. Kwa hiyo hata angelipwa kima cha chini kabisa, deni la nauli lingekwisha mwezi wa kwanza na chenji ingebaki. Nauli inayokatwa tangu Oktoba si nauli tena. Mara nyingi ndani yake kuna malipo ya dalali, ambayo mwajiri ameyatoa na sasa anayarudisha kwa jasho la mtoto. Hesabu hii itaje unapotoa maelezo, ni rahisi kueleweka na ni ngumu kupingwa.

Usimfuate mwajiri. Usimtume mjumbe akaongee naye, usimsemeshe hata kwa mafumbo dukani. Katika mashauri haya hakuna kosa linaloharibu kama hilo. Mwajiri akishtuka, binti huhamishiwa usiku uleule kwa shoga yake wa Mbagala au Kigamboni, au anapandishwa basi la alfajiri, na wewe unabaki na nyumba isiyo na ushahidi. La pili analoweza kufanya ni kuwahi kituoni kufungua kesi ya wizi: binti kaiba hereni, kaiba simu. Ikishaingia kwenye kitabu, mtoto uliyetaka aokolewe anakamatwa kama mtuhumiwa.

Anza na daftari. Andika tarehe na saa ulizoona jambo, na ulichoona kwa macho yako, siyo ulichokisia. "Anateswa" haimsaidii mpelelezi. "Jumanne saa tisa na nusu usiku niliona moto wa jiko uani na binti peke yake akikaanga, saa kumi na mbili asubuhi alikuwa akipanga maandazi kwenye ndoo" inamsaidia sana, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Andika maneno ya binti kama alivyoyatamka, hata yakiwa nusunusu. Andika kama huyo anti huonekana tena na huja na nani. Picha usipige za siri ukazirusha kwenye grupu la mtaa. Zikifika huko zimefika kwa mwajiri, na sura ya mtoto imeanikwa. Sheria inalinda utambulisho wake hata mahakamani.

Ukipata nafasi ya kuongea naye tena, iwe fupi na akiwa peke yake. Mambo matatu yanatosha: jina la kijiji chao na la shule aliyosoma, mwaka aliomaliza darasa la saba au darasa alilofikia, na kama kuna anayempiga au kumgusa vibaya. Usimhoji zaidi ya hapo. Mtoto aliyeulizwa jambo lilelile na jirani, na mjumbe, na mchungaji, na askari wawili, hufika mahakamani maelezo yake yakiwa na viraka, na wakili wa upande wa pili anaishi kwa viraka hivyo. Usimwahidi kwamba utamtoa kesho au kwamba mama yake hatakasirika. Mwambie ipo namba 116, Simu kwa Mtoto, haina malipo. Usimpe karatasi yenye namba hiyo, maana itakutwa mfukoni. Namba ya tarakimu tatu atakumbuka.

Jina la shule na mwaka nimeyataka kwa sababu ya umri. Atajitaja kuwa na miaka 15, au 18, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kujibu. Umri unathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rejesta ya shule, maelezo ya mzazi au ya daktari. Makisio ya daktari kwa kumtazama mtu huwa na pengo la miaka kadhaa, ilhali rejesta ya shule ya msingi haina ubishi mkubwa. Na mwezi ulioutaja unasema kitu: mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari, na katikati hapo ndipo madalali hupita vijijini. Inawezekana kabisa jina lake lilitoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yeye akiwa uani anakanda unga.

Sasa wa kumwambia. Kama leo usiku unasikia kipigo, au mtoto ameumia, piga 112 bila kusubiri daftari. Kama hali ni hii ya kila siku, nenda mwenyewe kwenye kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, na siku hiyohiyo umfikie afisa ustawi wa jamii. Kwa Tabata, huyo yuko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Usipojua pa kumpata, wanaopokea 116 wanaweza kukuunganisha naye. Wawili hawa waende pamoja. Polisi bila ustawi humtoa mtoto na kukosa pa kumlaza. Ustawi bila polisi hawana nguvu ya kufungua geti. Serikali ya mtaa kwa kawaida ndiyo mlango wa kwanza, na Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwenye taarifa ya haki ya mtoto kuvunjwa aipeleke serikali ya mitaa. Lakini kama mwenyekiti au mjumbe wenu hunywa chai kwa huyo mama, afisa ustawi naye ni serikali ya mitaa. Wajibu wako umeutimiza kwake, na mwenyekiti atajua siku ya kumtoa mtoto.

Ukifika dawatini, tumia maneno kamili: "Nimekuja kutoa taarifa ya mtoto ninayeamini amesafirishwa kiharamu kwa ajili ya kazi ya kulazimishwa." Ukisema "kuna dada wa kazi ananyanyaswa", itaandikwa ugomvi wa mwajiri na mfanyakazi, mama ataitwa kwa simu, watapatanishwa, na jioni binti anarudi kukanda unga. Omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na jina la mpelelezi, uandike. Waombe wasimpigie mwajiri simu kabla ya kwenda. Ni ombi dogo ambalo askari mzoefu hahitaji kuambiwa, ila si kila unayemkuta zamu ni mzoefu wa mashauri haya. Waeleze pia unaogopa kujulikana, na kwamba maelezo yako yaandikwe mahali ambapo mwajiri hatakuona. Ukiambiwa "haya ni ya kifamilia, mkayamalize nyumbani", usibishane na wa kaunta. Omba kuonana na mkuu wa kituo.

Siku ya kumtoa si siku yako. Baki ndani. Mwambie tu mpelelezi mapema kwamba vitu vya mtoto vitolewe naye: nguo, simu kama alinyang'anywa, daftari, picha, karatasi yoyote ya shule. Kuvirudia baadaye ni kazi ya wiki nzima, na mara nyingi vimekwisha chomwa moto. Simu ya mwajiri nayo ina mengi. Miamala ya pesa kwenda kwa anti, au ujumbe wa kumwuliza "ukipata mwingine niletee", ndivyo vinavyomfikisha dalali kizimbani. Bila hivyo kesi huishia kwa mwenye nyumba peke yake, na dalali anaendelea na safari zake.

Kutoka hapo ni hospitali. Polisi watampa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Hospitali ya Amana, ambayo kwenu ni karibu, ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi, ustawi na mshauri nasaha wanapatikana mahali pamoja, mtoto asizungushwe. Kama kuna ukatili wa kingono, saa ni kila kitu. Dawa za kinga ya VVU, PEP kama wanavyoziita, zianze ndani ya saa 72, na dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, zote zikianza mapema zaidi ni bora zaidi. Asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe, na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani nailoni hushika unyevu na kuozesha ushahidi. Akija usiku au hali yake ni mbaya, matibabu yaanze na PF3 ifuate. Makovu ya mafuta nayo yaandikwe kwenye PF3 moja moja: lililo jipya, la zamani, lilipo na ukubwa wake.

Atalala wapi? Kwenye nyumba salama, kwa mpango wa ustawi wa jamii. Zipo zinazoendeshwa na mashirika, na hapa Dar es Salaam KIWOHEDE ni miongoni mwa waliofanya kazi na wasichana wa majumbani kwa miaka mingi. Asilale kwako. Najua inauma, na najua godoro lipo. Lakini mtoto akilala kwa shahidi, utetezi utasema umemfundisha la kusema, na mwajiri anaweza kukushitaki kwamba ulimtorosha. Nafasi ikikosekana usiku huo, kumweka kwa mtu anayefaa ni uamuzi wa afisa ustawi, kwa maandishi, na mahakama ikihusishwa.

Usishangae wiki ya kwanza akilia anataka kurudi kwa yule mama. Wengine humtetea mwajiri, husema "alinipa nguo". Wengine huficha mkate chini ya mto, au huamka saa tisa usiku wakatafuta ndoo. Miezi ya kuamriwa kila kitu humwacha mtoto hajui akae vipi na siku isiyo na amri. Mshauri nasaha anajua la kufanya hapo. Majirani na ndugu wanachoweza kumfanyia ni kuacha kumwuliza kwa nini hakukimbia.

Mambo huharibika zaidi kwenye kumrudisha kwao, na huharibika kwa haraka ya watu wema. Watu wanachanga nauli, wanamnunulia gauni, wanampandisha basi pale Mbezi, wanapiga picha. Miezi michache baadaye binti huyohuyo, au mdogo wake, yuko Kimara au Arusha kwenye nyumba nyingine. Alirudishwa kwa nani? Kabla ya safari, ustawi wa huku lazima uwasiliane na ustawi wa halmashauri ya kwao, mtu afike nyumbani hasa, na ajue: nani alimkabidhi kwa anti? Mzazi alipokea kitu, hata kama ni elfu ishirini na kilo za sukari? Alijua anakokwenda mwanawe, au aliambiwa anakwenda kusomeshwa cherehani? Kuna dada au mdogo anayefuatia? Anti ni wa kijiji hichohicho, na bado yupo? Kama aliyemuuza ni baba wa kambo na analala nyumba hiyo, hapo si pa kumrudisha; atafutwe bibi au shangazi, naye akaguliwe vilevile. Mzazi aliyedanganywa ni shahidi mzuri kuliko mtu yeyote, na mzazi aliyelipwa ni mtuhumiwa. Kuwachanganya wawili hao ni kuua kesi.

Arudi akiwa na jambo la kufanya, tena limepangwa kabla hajapanda basi. Kama alichaguliwa kidato cha kwanza, halmashauri ya kwao iulizwe nafasi yake. Tangu mwisho wa 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwamo, kurudi darasani. Kama hakumaliza la saba, kuna MEMKWA kwa walioikosa shule. Akiwa mkubwa kidogo, ufundi, VETA au kwa fundi wa kijijini mwenye mkataba unaosomeka. Na ufuatiliaji uwe na tarehe na jina la mtu: afisa fulani atampitia mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Ukisikia "tutakuwa tunawasiliana", jua hakuna atakayewasiliana.

Kuhusu jasho lake. Kesi ya jinai haifuti madai ya mshahara. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru alipe fidia, na mwendesha mashtaka akumbushwe kuiomba, na daftari lako la saa za kazi lina kazi hapo pia. Njia ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, ila muda wake ni mfupi: siku 30 kwa madai ya kuachishwa kazi isivyo halali, siku 60 kwa madai mengine, mshahara ukiwamo. Muda ukipita unaweza kuomba uongezewe kwa sababu za msingi. Wakili wa kulipa si lazima, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua watoa msaada wa bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) wote wako hapa mjini. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, nao wanaijua njia hiyo.

Na wewe mwenyewe. Huenda ukaitwa shahidi. Ukiitwa utaeleza ulichokiona tu, kutoka kwenye daftari lako, na hutakiwi kuthibitisha usafirishaji. Hiyo ni kazi ya mpelelezi na mwendesha mashtaka. Ukitishwa, hata kwa utani wa dirishani, rudi kwa mpelelezi na kitisho hicho kiandikwe chini ya RB ileile.

Baada ya wiki mbili za ukimya, rudi kituoni na RB yako, muulize mpelelezi jalada limefika wapi. Kama bado liko pale pale, andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya kuripoti, namba ya RB, mtoto yuko wapi sasa, nini hakijafanyika. Nakala moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya, moja Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, moja kwa Sekretarieti ya Kuzuia na Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kila unapoiacha, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.